Korosho Miezi Minne, Tumbo Miezi Kumi na Miwili
Vidokezo 11 vya bajeti ya nyumbani na kutoka kwenye madeni, kwa kaya za Masasi na Newala

Ushauri mwingi wa bajeti hulenga mtu wa mshahara: mwisho wa mwezi hela imeingia, gawa mafungu, subiri mwezi ujao. Mkulima wa Newala akiusoma atacheka. Huku hela huja kwa mikupuo: ufuta katikati ya mwaka, mbaazi zinafuata, kisha korosho kuanzia Oktoba. Baada ya hapo ni mvua, jembe na ukata. Ndiyo maana madeni mengi huzaliwa kati ya Februari na Juni, yakalipwa msimu unapofunguliwa, tena kwa bei aliyoipanga mkopeshaji. Mwalimu, fundi na mwenye duka pale Masasi mjini nao wamo humohumo: msimu ukiyumba, wateja wao wanayumba. Basi bajeti ya huku ifuate mkorosho. Chukua daftari na kalamu, tuanze.

1. Andika kalenda ya hela kwanza

Chora miezi 12 kwenye ukurasa mmoja. Chini ya kila mwezi andika kinachoingia na kinachotoka. Januari: sare, madaftari na michango ya shule. Februari hadi Aprili: chakula kimepungua, palizi inadai vibarua. Mei hadi Agosti: kusafisha shamba na kupulizia dawa ya ubwiri unga, huku ufuta ukileta hela kidogo. Oktoba hadi Januari: kuokota, kupeleka AMCOS (chama cha msingi), kusubiri mnada. Desemba: sherehe.

Ukimaliza, zungushia miezi ambayo kinachotoka kinazidi kinachoingia. Hiyo ndiyo miezi inayokupeleka kwa wakopeshaji. Bajeti yako yote ina kazi moja: kuivusha kaya kwenye miezi hiyo bila kukopa.

2. Orodhesha madeni yote, hata yale ya aibu

La dukani, la mjomba, la simu, la kikundi, la jirani aliyekupa debe la mahindi. Kila deni lipewe mstari wake: nani anadai, kiasi gani, tarehe gani, na nini kimewekwa rehani. Usiyaruke madeni ya vitu. Ukiahidi kilo 100 za korosho, hilo ni deni kama lilivyo la benki. Ukimwachia mtu mikorosho 20 aiokote misimu miwili, hilo nalo ni deni, tena kubwa kuliko linavyoonekana.

Wengi hulipa deni la anayepiga kelele zaidi. Orodha inakuonyesha deni linalokula zaidi, na mara nyingi mwenye nalo ni mtu mpole kabisa.

3. Lipe kila deni bei yake

Hapa ndipo daftari linapofungua macho. Tuseme mwezi Machi umechukua shilingi 100,000 kwa mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua korosho nje ya mnada, mkakubaliana umpe kilo 100 Oktoba. Msimu unafika, na baada ya makato kilo ingekulipa 2,000. Umetoa mali ya 200,000 kulipa 100,000. Miezi saba tu, deni limezaa jingine la ukubwa uleule. Na hapo hatujagusa kipimo: bakuli la kangomba halijawahi kumpunja mnunuzi.

Sasa linganisha. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, Benki Kuu iliweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa taasisi za mikopo za daraja la pili. Shilingi 100,000 kwa miezi saba, hata kwa riba hiyo ya juu kabisa, ingekugharimu 24,500. Tofauti ya 24,500 na 100,000 ni sare za watoto.

Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa inayorejeshwa kila siku, nayo ipigie hesabu. Ukipewa 200,000 ukaambiwa urejeshe 10,000 kila siku kwa siku 26, utalipa 260,000. Hiyo ni riba ya asilimia 30 ndani ya siku zisizofika mwezi. Kwa asilimia 3.5 ungelipa riba ya 7,000. Mkopeshaji akikuambia "ni elfu kumi tu kwa siku," mwombe akuandikie jumla. Akisita, umeshapata jibu.

4. Zima moto mkali kwanza

Madeni yakishakuwa na bei, yapange. La juu kabisa liwe lile linaloongezeka kila siku au lililoshika rehani inayokulisha: mikorosho, kiwanja, pikipiki ya kazi. Hayo yalipwe na hela ya kwanza ya msimu, siku hiyohiyo. Yale ya ndugu yasiyo na riba yanaweza kusubiri zamu, mradi mwenyewe umemwambia.

Ukiwa na vijideni vidogo vitatu vinne, futa kimoja au viwili haraka ili mistari ipungue. Kukata mstari kwa kalamu nyekundu kunatia moyo.

5. Mfuate anayekudai kabla hajakufuata

Kukwepa njia ya dukani hakupunguzi deni hata senti. Nenda mapema, asubuhi, kabla duka halijajaa watu. Maneno yenyewe ni mepesi:

"Shikamoo mzee. Ile laki na nusu naikumbuka. Msimu huu sitaweza yote kwa mara moja. Nitakupa hamsini mnada wa kwanza ukilipa, hamsini mnada unaofuata, iliyobaki nikiuza mbaazi. Naomba tuandikishane."

Mwenye duka naye ana madeni yake kwa wa jumla, na ahadi yenye tarehe na kiasi inamsaidia kupanga. Andikeni nakala mbili, shahidi awe mwenyekiti wa kitongoji au mtu mnayemheshimu wote wawili. Jambo moja la kuangalia: usiahidi tarehe ya mnada, ahidi siku kadhaa baada ya malipo kuingia. Novemba 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa 3,300 kwa kilo na jeshi likaingia kazini, bei ilikuwa nzuri, lakini uhakiki ulichukua muda na wakulima wengi waliingia mwaka 2019 wakisubiri hela. Walioahidi "mwisho wa mwezi" walipata tabu.

6. Panga kwa bei mbaya, furahi kwa bei nzuri

Bei ya korosho haina mwenyewe. Imewahi kugonga 4,000 kwa kilo, na imewahi kushuka hadi karibu na 2,000. Ukipanga kwa bei ya mwaka mzuri uliousikia redioni, utakopa mapema kwa hela ambayo haitakuja.

Kwa hiyo piga hesabu kwa bei ya mwaka mbaya unaoukumbuka. Punguza na kilo: si korosho zote zitaingia daraja la kwanza, na zile zilizolowa mvua au kukaa bila kuanikwa zitakurudisha nyuma. Kisha toa makato. Bei inayotangazwa mnadani siyo inayofika kwenye akaunti. Kuna ushuru wa halmashauri, sehemu ya chama cha msingi na ya chama kikuu, gharama za ghala, za magunia na za usafirishaji. Omba AMCOS yako wakuonyeshe makato kwa kila kilo, yaandike nyuma ya daftari. Uwe chini ya chama kikuu cha TANECU kule Newala au cha MAMCU kule Masasi, hiyo ni haki yako kama mwanachama. Risiti za mzani nazo zitunze kwenye bahasha moja, kwa sababu malipo yakija pungufu, risiti ndiyo itakayokusemea.

Bei ikizidi uliyopanga, ziada isiingie mfukoni ikapotea. Nusu ilipe deni, robo iende akiba, robo mle nyama.

7. Gawa hela kabla haijaingia

Siku ya malipo benki ina foleni, nje kuna muuza godoro, muuza simu, muuza pikipiki na marafiki usiowaona tangu msimu uliopita. Mahali pale hapafai kupangia bajeti. Pangeni nyumbani, wiki mbili kabla, mkiwa watulivu.

Mfano wa kaya inayotarajia 1,400,000 za korosho baada ya makato:

- Madeni: 350,000
- Chakula cha kuweka ndani: 300,000
- Shamba la msimu ujao (palizi, kupulizia, vibarua): 250,000
- Matumizi ya Februari hadi Mei, 60,000 kila mwezi: 240,000
- Shule Januari: 150,000
- Sherehe na rambirambi: 60,000
- Matibabu na dharura: 50,000

Jumla, 1,400,000. Utaona soda, godoro na simu mpya hazimo. Zitaingia kwa hela ya ufuta itakayobaki baada ya kununua mahindi, au kwa robo ya nyama ya kidokezo cha sita. Utaona pia fungu la shamba ni kubwa, na hapo usipunguze. Mwenye kukosa hela ya kupulizia mwezi Juni ndiye anayeuza korosho zikiwa bado maua. Hata pale ruzuku inapokuletea salfa ya kupulizia, bado utamlipa mwenye mashine ya kupulizia, utanunua mafuta yake, na vibarua wa kufyeka hawaji na ruzuku.

Hela ya Februari hadi Mei itenge mbali na mkono: akaunti nyingine, akiba ya kwenye simu iliyofungwa kwa muda, au hisa za kikundi. Ikikaa ndani ya sanduku, kila mgonjwa wa ukoo ataijua.

8. Geuza hela kuwa chakula wakati bei iko chini

Gunia la mahindi la Julai na la Februari ni gunia moja, bei ni mbili. Mahindi mengi ya sokoni Masasi huteremka kutoka upande wa Ruvuma, na wakati wa mavuno ndipo penye unafuu. Hela ya ufuta inafika wakati huohuo, basi ikutane na mahindi kabla haijakutana na kitu kingine. Kausha vizuri, weka kwenye mifuko ya kinga njaa, funga kila tabaka kwa zamu yake, dumuzi afe kwa kukosa hewa. Mihogo mikavu, choroko, mbaazi na njugu mawe za shamba lako nazo zihesabiwe kwenye bajeti, maana kila debe mlilonalo ni debe ambalo hamtalikopa.

Dukani angalia kipimo. Mafuta ya kupima, sukari ya robo, sabuni ya kipande: kila siku ni hela ndogo, mwisho wa mwezi umelipa zaidi ya aliyenunua dumu na mche mzima. Kama huwezi peke yako, changeni majirani watatu, mnunue kwa jumla mgawane. Ming'oko inapopatikana, isiitwe chakula cha shida. Sufuria moja ya ming'oko ni unga wa siku nzima uliobaki ndani.

Kwa Newala, maji yana fungu lake. Juu ya uwanda maji yako mbali chini, na ukinunua madumu matano kwa siku kwa 300, mwezi umekula 45,000. Nyumba yenye bati bila gata inaiachia mvua ya bure ipite. Gata upande mmoja na tangi la lita 1,000 ni madumu 50, siku 10 za matumizi hayo, na kuanzia Desemba hadi Aprili mvua inalijaza tena na tena. Tangi likikaa kwenye orodha ya manunuzi ya msimu, likae juu ya televisheni.

9. Ipangie sherehe, maana itakuja tu

Hakuna mzazi wa Kimakonde, Kimakua au Kiyao atakayeambiwa asimtoe mwali. Jando na unyago ni heshima ya nyumba, na likizo ya Desemba ikifika ngoma italia. Kosa liko kwenye kushtukizwa na jambo ulilolijua tangu mtoto yuko darasa la tatu.

Andika mwaka ambao kila mtoto atachezwa. Miaka miwili kabla, fungu la sherehe lianze kukua. Kaeni na mjomba na shangazi mapema mgawane mizigo: nani khanga, nani mchele, nani wapiga ngoma, nani chakula cha walezi. Spika za kukodi na sare za kina mama wa ukumbini ndizo zinazopaa siku hizi, kuliko hata chakula. Wekeni kikomo cha pamoja, mkubaliane kwamba asiyeshona sare anacheza vilevile.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Sherehe ya siku mbili iliyolipiwa kwa mikorosho ya misimu miwili inamtia mwali njaa akiwa bado amevaa khanga mpya.

Michango ya wengine nayo iwe na ukomo. "Mwezi huu fungu langu la michango limekwisha, nihesabu mwezi ujao" ni sentensi halali, na ukiisema kwa tabasamu hakuna atakayekununia zaidi ya wiki moja.

10. Ukilazimika kukopa, kopa kwenye mlango sahihi

Anza na kikundi chenu cha kuweka na kukopa. Riba yake inarudi kwenu mnapogawana. Ila kuna siri moja: vikundi vingi huvunjwa na kugawana Desemba, wakati ambao kila mtu ana hela. Wanakikundi wakikubaliana kuvunja Februari au Machi, mgao unawakuta kwenye ukata, na kazi ya kausha damu inakosa wateja. Lipelekeni hilo kwenye kikao.

Mlango wa pili ni halmashauri. Zipo nne: Masasi Mji, Masasi Wilaya, Newala Mji na Newala Wilaya. Sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Inataka kikundi kilichosajiliwa na wazo la kazi, kwa hiyo muulize ofisa maendeleo ya jamii wa kata mapema, usisubiri hadi mtoto arudishwe nyumbani kutoka shule.

Mlango wa tatu ni SACCOS na taasisi zenye leseni. Omba kuona leseni, omba mkataba wa Kiswahili, soma jumla ya marejesho. Kadi ya benki na namba ya siri usimwachie mtu, hata akiwa na ofisi nzuri.

Mikopo ya simu ni ya dharura ya siku chache, nayo iwe kwenye orodha yako ya madeni. Tahadhari zaidi na programu zinazoomba kusoma majina yote ya simu yako. Ukichelewa, baba mkwe ndiye atakayepigiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila kibali.

11. Kaeni kikao cha bajeti, wote mnaokula

Akaunti ya korosho mara nyingi ina jina la mmoja, shamba limelimwa na wote. Ndiyo maana msimu una ugomvi wake, na wengine huishia kutafutiwa mke mwenza kwa hela ya salfa. Kikao cha nusu saa kila Jumapili jioni kinapunguza hayo. Baba asome kilichoingia, mama asome kilichotoka, au kinyume chake. Watoto wa sekondari wapewe kazi ya kujumlisha; hisabati yao itapata maana, na wao wenyewe watajua kwa nini simu ya kugusa inasubiri.

Kwenye kikao angalieni mambo matatu tu. Wiki hii tumevuka fungu lipi? Deni gani limepungua? Wiki ijayo kuna nini? Msitafute mchawi. Fungu la mboga likizidi wiki mbili mfululizo, huenda mlilipanga dogo, liongezeni na mpunguze kwingine. Bando la 1,000 kila siku ni 365,000 kwa mwaka, zaidi ya kilo 180 za korosho kwa bei ya 2,000. Hilo mlijadili kwa upole, hasa kama mwenye bando ndiye anayesoma daftari.

Na kila mmoja apewe hela yake ndogo isiyoulizwa. Akanywe kahawa, akasuke, akanunue mishikaki. Bajeti isiyo na nafasi ya kupumua huvunjwa kimyakimya, na inayovunjwa kimyakimya huzaa deni jipya.

Msimu wa kwanza mtalipa madeni na kubaki na kidogo. Wa pili mtafika Aprili mkiwa na mahindi ndani na korosho zote zikiwa bado zenu. Hapo mnunuzi wa kangomba akipita na bakuli lake, mkaribisheni maji ya kunywa, mwambieni safari hii hamuuzi maua.